Nafasi za Kusomea Udaktari

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu hapa Nakuru tuna watoto waliomaliza Form Four nao wanataka udaktari. Wako watu wanaotujia wakisema, "Toeni pesa, mtoto ataitwa intavyuu." Basi na tuelewe mambo yalivyo.

Uingereza vyuo huhesabu nafasi kwanza, kisha huita watu kupita nafasi hizo, maana wengine watashindwa na wengine watakwenda chuo kingine. Lakini hawaiti kupita wale ambao walimu wana saa za kuwasikiliza.

Kwetu si hivyo. Wanaopelekwa na KUCCPS, hata Egerton hapa jirani, hawaitwi intavyuu. Nafasi hupimwa kwa walimu na vitanda vya hospitali ya kufundishia. Walioomba hupangwa kwa pointi, wa juu kwanza, mpaka nafasi zijae. Pointi za yule wa mwisho ndizo mpaka wa mwaka ule. Mwaka mwingine hubadilika.

Kwa hiyo, ndugu, anayeuza intavyuu anauza tiketi ya treni isiyokuwapo. Tusitoe hata senti. Tuwasaidie watoto kujaza machaguo yao yote, na chama kidai walimu waongezwe.

Umoja ni nguvu.