Silikoni Jirani na Mgongano: Nini Huamua Umri wa Kigunduzi?



Mada za fizikia ya chembe huanzia kwenye chembe ya Higgs, iliyotangazwa katika maabara ya CERN tarehe 4 Julai 2012. Mimi naomba nianzie kwenye kifaa cha kushusha volti. Naamini kwamba penye mitambo ya kugonganisha protoni, tutakachoweza kupima huamuliwa, mara nyingi kuliko tunavyokiri, na umeme, ubaridi na nyaya.

Mazingira yenyewe ni haya. Katika handaki la LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha protoni, lenye mzunguko wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hupishana kila baada ya nanosekunde 25, na kila mpishano huzaa makumi ya migongano kwa pamoja. Chembe zilizobeba kwaki ya b husafiri milimita chache tu kabla ya kuoza. Anayetaka kujua zilipoozea hana budi kuweka kipimo chake sentimita chache kutoka kwenye mgongano, na hapo ndipo mnururisho ulipo mkali kuliko kwingine kote ndani ya kigunduzi. Hakuna pa kukwepea.

Kipimo hicho ni bamba la silikoni lenye unene wa mikromita 300 hivi au pungufu. Chembe yenye chaji ikilipenya, huacha takriban jozi 80 za elektroni na matundu kwa kila mikromita, na chaji hiyo ndogo husomwa pikseli kwa pikseli. Mnururisho huohuo, hata hivyo, hung'oa atomi za silikoni mahali pake. Mkondo unaovuja huongezeka, na joto likipanda kwa nyuzi 7 hivi, huwa maradufu. Ndiyo maana silikoni hupozwa chini ya sifuri kwa kaboni dioksidi inayochemka ndani ya mabomba membamba. Hata mtambo ukisimama kwa matengenezo, ubaridi hauondolewi hovyo: silikoni iliyokwisha kudhurika ikikaa muda mrefu kwenye joto la chumba, madhara huendelea kukua yenyewe.

Sasa kile kifaa. Mwaka 2017 jaribio la CMS lilianza kutumia kigunduzi kipya cha pikseli, kilicholishwa umeme kupitia vishusha volti takriban 1,200. Oktoba mwaka huohuo vikaanza kufa, kimoja baada ya kingine, na kila kilichokufa kiliacha sehemu ya kigunduzi gizani. Uchunguzi ulifika kwenye transista moja ndani ya chipu ya kishusha volti. Baada ya kupigwa na mnururisho ilikuwa ikivuja. Chipu ilipozimwa kwa amri huku umeme wa kuingilia ukiwa bado upo, mkondo uliovuja ulipandisha volti ya ndani kupita kiwango ambacho sakiti ingeweza kukihimili.

Kwa nini ilizimwa? Kwa sababu chembe inayopita huweza kugeuza biti moja katika sakiti ya kusomea data, sakiti ikakwama, na dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha. Dawa ya ugonjwa mmoja ikaleta mwingine! Vishusha volti vyote vilibadilishwa majira ya baridi yaliyofuata, na mwaka 2018 kuzima na kuwasha kulifanyika kwenye vyanzo vya umeme vyenyewe, si kwa amri ya chipu. Naona funzo la upimaji hapa: haitoshi kukipiga kifaa mnururisho kikiwa kimewashwa tu, kipimwe pia katika kila hali kitakayopitia, ikiwamo kuzimwa.

LHC itakayoboreshwa, yaani HL-LHC, inatarajiwa kufikisha migongano 200 kwa kila mpishano. Pikseli zitakuwa ndogo zaidi, mikromita 50 kwa 50 au 25 kwa 100. Kwa tabaka za pikseli hizo, majaribio ya ATLAS na CMS yamechagua kuunganisha moduli za kigunduzi kwa mfululizo, mkondo mmoja ukizipitia zote, ili kupunguza shaba ya nyaya mbele ya chembe. Mtu atauliza mara moja: moduli moja ikikatika, mnyororo wote si utazimika? Jibu limewekwa ndani ya chipu za kusomea zenyewe. Kila moduli hubeba chipu kadhaa sambamba, kila moja ikiwa na kidhibiti kinachopitisha mkondo wa ziada pembeni. Chipu moja ikiacha kupitisha mkondo, wenzake huubeba. Ndiyo hali ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kujaribiwa kwanza, tena kwa moduli zilizokwisha kupigwa mnururisho.