Kutoka Shuka Kuukuu hadi Mfuko wa Soko

(Maelezo ya mwanachama mbele ya mkutano wa maadhimisho ya miaka kumi)



Nimeombwa nieleze kazi ya kushona vitu vya nyumbani kwa mashuka ya mitumba. Naanza na deni, kwa sababu Mweka Hazina amekaa hapo mbele na analijua kuliko mimi. (Kicheko.)

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima. Nikaona hapo pana riziki. Nikakopa kikundini, nikanunua belo la mashuka bila kulifungua. Karibu nusu yake ilikuwa tetroni. Sikujali, nikashona tu. Wiki ya pili mama mmoja akabebea vitunguu kutoka soko la Misuna, mkono wa mfuko ukachomoka, vitunguu vikatawanyika barabarani. Akanirudishia mfuko wangu mlangoni, mbele ya wateja. Marejesho ya miezi miwili yakanishinda. Nilitaka hata kuacha kuja vikaoni, kwa aibu. Kikundi kiliniongezea muda, ila faini nililipa, na ilikuwa haki.

Sasa niliyojifunza. Chomoa nyuzi chache ukingoni, uziwashe kwa kiberiti. Pamba na kitani huungua kama karatasi, yakabaki majivu laini. Tetroni huyeyuka, kikabaki kidonge kigumu. Kitambaa hicho usikifanye kishikio cha sufuria hata siku moja, kitakugandia mkononi. Kitani utakijua pia kwa kujikunja ovyo. Hunywa maji upesi, na kila kikifuliwa kinazidi kulainika. Ukikipata, fanya vitambaa vya kufutia vyombo na vya meza. Usikiuze bei ya tetroni, jamani!

Fua kwanza kwa maji ya moto, uanike, ndipo ukate. Ukikata kabla, kitambaa kitarudi baada ya kushonwa na kitu chote kitakwenda upande. Shuka huchakaa katikati, pale mtu anapolala. Pembeni bado ni zima. Kwa hiyo mifuko hutoka pembeni, na katikati ni vitambaa vya kusafishia, au winda za watoto. Mkono wa mfuko ukate kufuata urefu wa nyuzi, usikate mshazari. Ukunje mara nne, uingize ncha ndani ya pindo kama sentimeta 4, ushone mraba, kisha msalaba katikati ya mraba. Mimi nilikuwa nimepitisha mshono mmoja tu.

Yule mama wa vitunguu nilimpelekea mfuko mwingine, bure. Aliupokea bila kusema neno. Lakini anautumia, nimeuona mwenyewe.

Jumamosi cherehani zangu mbili ziko wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni na shuka lililokwisha kufuliwa, na kila mtu na mkasi wake. Mkasi wangu siazimishi.