KIPIMO CHA JICHO
Hotuba kwa Wanachama, Igowole, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama



Nimeombwa niseme machache juu ya samani tuzitengenezazo wenyewe majumbani, kwa jicho, pasipo mchoro. Jambo hili lagusa mifuko yetu. Mkulima wa Mufindi huuza msindano wake, yaani paini, ungali umesimama shambani. Kisha huenda mjini akanunua meza ya msindano kwa bei ya juu.

Wako wasemao kwamba kazi ya jicho ni kubahatisha. Sivyo. Jicho lina vipimo vyake, navyo ni mwili wa mtu atakayekitumia chombo. Kimo cha kiti hupimwa toka kisigino hata nyuma ya goti. Kimo cha meza hufuata kiwiko cha mtu aliyeketi. Vuta uzi toka pembe hata pembe ya meza ya mraba, kisha uvute katika pembe mbili zilizosalia: vipimo vikilingana, meza haikwenda upande. Na kigoda cha miguu 3 hakiyumbi hata juu ya sakafu ya udongo. Cha miguu 4 huyumba.

Lakini liko jambo ambalo jicho huenda lisilione, nalo ni maji yaliyomo ndani ya ubao. Mimi mwenyewe nilipata kutengeneza meza kwa mbao zilizopasuliwa juma lile lile. Siku ya kwanza ilisifiwa na wote. Kiangazi kilipofika, ndimi zililegea katika matundu yake, na uso wa meza ukapinda kama kigae. Ubao ukaukapo husinyaa upana, hali urefu wake haupungui ila kidogo sana. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ubao hungojwa ukauke.

Na kungoja ndiko kunakomshinda mtu mmoja mwenye shida ya fedha. Majaribio ya kupanda miti Sao Hill yalianza mwaka 1939, na leo misindano imefika mashambani mwetu. Chama na kijenge banda la kukaushia mbao, lenye paa bila kuta, zipangwe juu ya vijiti ili upepo upite kati yake. Asiyeweza kungoja peke yake, ataweza kungoja pamoja na wenzake. Huo ndio ushirika.