Tengeneza Ufunguo wa Akiba Mapema

Je, pikipiki yako inatumia ufunguo wa chipu? Basi sikiliza.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo huo mna chipu ndogo isiyo na betri. Unapofungua swichi, pikipiki huisoma. Ikiitambua, injini inawaka. Isipoitambua, injini haiwaki, hata kama ufunguo umezunguka vizuri.

Kwa hiyo kuchonga chuma peke yake hakutoshi. Ufunguo mpya lazima uwe na chipu, na chipu hiyo isajiliwe kwenye pikipiki yako.

Usajili huo kwa kawaida huhitaji ufunguo wa zamani unaofanya kazi. Baadhi ya pikipiki za Yamaha huja na ufunguo mwekundu wa kusajilia. Huo usiutembeze. Uhifadhi nyumbani, mahali salama. Funguo zote zikipotea, huenda ukalazimika kubadilisha mfumo mzima wa ulinzi, kwa gharama kubwa.

Ufanye nini? Nenda kwa fundi anayesajili funguo za chipu. Nenda na pikipiki, funguo zote ulizonazo, pamoja na ule mwekundu kama unao, na kadi ya pikipiki. Kabla ya kulipa, washa pikipiki kwa ufunguo mpya. Kisha iwashe tena kwa ule wa zamani. Na usifunge funguo mbili za chipu kwenye pete moja, maana zinaweza kuingiliana.

Kumbuka, msikilizaji: ufunguo wa akiba hutengenezwa ungali na ufunguo mkononi. Usingoje upotee. Nenda wiki hii.