Kadi ya Bangi ya Tiba na Mipaka ya Sheria za Majimbo ya Marekani

Mada hii inachunguza nguvu ya kisheria ya kadi ya bangi ya tiba nchini Marekani, yaani kitambulisho anachopewa mgonjwa na serikali ya jimbo ili anunue bangi katika duka lenye leseni bila kushtakiwa kwa sheria za jimbo hilo. Inadaiwa hapa kwamba kadi hiyo ni ruhusa ya jimbo peke yake, na kwamba anayeichukulia kuwa ruhusa ya nchi nzima hujitia hatarini bila kujua.

Mkanganyiko unatokana na kuwapo kwa sheria mbili juu ya ardhi moja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza, ambalo ni la dawa zinazohesabiwa kuwa hazina matumizi ya tiba yanayokubalika, ilhali wapigakura wa California waliwaruhusia wagonjwa bangi hiyo hiyo Novemba 1996, na majimbo mengi yakafuata. Katika shauri la Gonzales dhidi ya Raich la mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mkono wa shirikisho unaweza kumfikia hata mgonjwa aliyepanda bangi kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Ndiyo maana daktari haiandiki bangi kama aandikavyo vidonge vya shinikizo la damu, bali huthibitisha tu kwamba mgonjwa ana maradhi yaliyotajwa na sheria ya jimbo.

Pennsylvania, iliyopitisha sheria yake mwaka 2016, ni mfano wa utaratibu huo. Mgonjwa hujiandikisha kwa idara ya afya ya jimbo, huthibitishwa na daktari aliyesajiliwa katika mpango huo kuwa ana, tuseme, saratani, kifafa au maumivu sugu, kisha hulipa dola 50 za kadi, ingawa hata akiwa nayo haruhusiwi kupanda mche mmoja nyumbani. Akivuka na bangi yake kuingia jimbo jirani, hata liwe nalo linairuhusu, amekwisha kuvunja sheria ya shirikisho.

Suala hili ni zito zaidi kwa wahamiaji, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, kwa kuwa uhamiaji ni mamlaka ya shirikisho, si ya jimbo. Mwongozo uliotolewa Aprili 2019 na idara ya uraia na uhamiaji ulieleza kwamba kuvunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi, hata pale jimbo linapoiruhusu, kunaweza kumwondolea mwombaji wa uraia sifa ya mwenendo mwema; na kukiri kwa mdomo mbele ya ofisa kunaweza kutosha, pasipo hukumu yoyote ya mahakama. Dereva wa lori naye, anayepimwa kwa kanuni za shirikisho za uchukuzi, hasamehewi kwa kuonyesha kadi.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mhamiaji ambaye bado hajawa raia amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumwendea daktari wa kumthibitishia maradhi.