Browns, Simu Ikilia Ipokeeni

Leo nazungumzia Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani ambayo kuishabikia kunataka moyo mgumu, na nazungumzia wakati ambao haichezi. Kwa sisi mashabiki wake, miezi ya mapumziko ndiyo miezi mizuri. Hatufungwi.

Mwezi huu wa Aprili, mjini Pittsburgh, ligi ya NFL inafanya uteuzi wake wa kila mwaka. Kama umezoea dirisha la usajili la soka, ambako mwenye fedha ndiye mchukuaji, utaratibu huu utakushangaza kidogo. Kijana anayetoka chuoni hachagui klabu aipendayo. Timu 32 zinapanga foleni, iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita inatangulia, na zinachagua kwa zamu hadi raundi 7 ziishe. Hata nafasi yenyewe kwenye foleni ni bidhaa: unaweza kuiuza ya leo ukalipwa za mwakani. Hapo ndipo akili ya kiongozi wa timu inapopimwa, na hapo ndipo Browns wametutesa.

Safari hii tuna nafasi mbili katika raundi ya kwanza, ya 6 na ya 24. Ya 6 tumeipata kwa jasho letu: msimu wa 2025 tulishinda mechi 5 tukapoteza 12, na kocha Kevin Stefanski akatimuliwa. Ya 24 ina hadithi yake.

Aprili 2025 Browns walikuwa wa pili kwenye foleni, na mbele yao alikuwepo Travis Hunter wa Chuo Kikuu cha Colorado, mshindi wa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, kijana anayeshambulia na kulinda katika mechi hiyo hiyo. Meneja mkuu wetu, Andrew Berry, akaiuza nafasi hiyo kwa Jacksonville Jaguars. Akashuka hadi ya 5, na juu yake akapewa ya 36, ya 126, na nafasi ya Jaguars ya raundi ya kwanza ya 2026. Yeye akaongeza mbili ndogo, ya raundi ya nne na ya sita. Watu walipiga kelele! Umeachaje kipaji kama kile kikapita?

Mimi nilikuwa upande wa Berry, na bado nipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la kuthaminisha nafasi, na mpaka leo watu hulirejea. Ya pili ina pointi 2600. Ya 5 ina 1700 na ya 36 ina 540. Zijumlishe upate 2240. Pengo ni 360, nalo likazibwa kwa nafasi nzima ya raundi ya kwanza. Kwa jedwali hilo hilo, hata ya 32, ya mwisho kabisa katika raundi ya kwanza, ina pointi 590. Ukipunguza kidogo kwa sababu ya kungoja mwaka mzima, bado Berry hakuibiwa.

Sitalitumia goti la Hunter kama hoja. Kijana aliumia Oktoba, msimu wake ukaishia hapo, na hilo halimfanyi Berry kuwa mtabiri. Hoja yangu ni nyingine. Wasomi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliuchunguza uteuzi huu kwa miaka mingi, wakauliza: mchezaji aliyechaguliwa mbele ana uwezekano gani wa kuwa bora kuliko anayefuata kuchaguliwa katika nafasi ile ile ya uwanjani? Wakapata kama asilimia 52. Hiyo ni kurusha sarafu. Wanaolipa bei kubwa ili kupanda juu wananunua uhakika ambao haupo.

Tazama alichovuna Berry mwaka jana. Mlinzi Carson Schwesinger, aliyeanza UCLA bila hata ufadhili wa masomo, alichukuliwa wa 33 na akawa mlinzi chipukizi bora wa ligi. Harold Fannin, kijana wa Canton hapo hapo Ohio, alichukuliwa wa 67 na akadaka pasi nyingi kuliko mwenzake yeyote kikosini. Nafasi ya 36 ikatupa mkimbiaji, Quinshon Judkins. Na ile ya 5 ikaenda kwa Mason Graham wa Michigan. Msikilizaji, kumshangilia mtu wa Michigan, watani wetu wa jadi, katika jimbo la Ohio ni mtihani wa imani, lakini tumeufaulu.

Kilichotuangusha ni Jaguars wenyewe. Tuliwaombea mabaya msimu mzima ili nafasi waliyotuuzia ipande juu. Wakashinda mechi 13! Ndiyo maana ni ya 24.

Najua kuna mzee mahali anatikisa kichwa, anauliza: si tulishayafanya haya 2016? Tulifanya, mzee wangu. Mwaka ule Browns waliwauzia Philadelphia Eagles nafasi ya pili, wakashuka hadi ya 8, wakashuka tena hadi ya 15, wakachagua watu 14 kwa jumla. Huyo wa 15, mdakaji Corey Coleman, alikuja kuuzwa Buffalo kwa nafasi ya raundi ya 7. Msimu wa 2016 tulishinda mechi moja, na wa 2017 hatukushinda hata moja kati ya 16. Januari 2018, kwenye baridi ya kugandisha masikio, mashabiki waliandamana kuuzunguka uwanja kwa umbo la sifuri. Kwa hiyo sisemi kushuka kunatosha. Ukishashuka, ujue kuchagua.

Lakini jeraha kubwa zaidi tulijitia kwa kununua kwa bei kubwa. Mwaka 2017 Browns waliwauzia Houston Texans nafasi ya 12. Houston wakamchukua Deshaun Watson, kwotabeki, yule mtu anayeshika mpira kwanza na kuamua uende wapi. Sisi tukapata nafasi yao ya 2018, ikawa ya 4, tukamchukua Denzel Ward, mlinzi aliyetutumikia vizuri kwa miaka. Biashara safi. Halafu 2022 tukarudi Houston kumnunua Watson yule yule kwa nafasi tatu za raundi ya kwanza na nyingine chini yake, tukampa mkataba wa dola milioni 230, zote za uhakika. Alianza kwa kutumikia adhabu ya ligi ya mechi 11. Katika misimu mitatu ya mwanzo alianza mechi 19 tu. Houston, kwa upande wao, waliichukua nafasi yetu ya 2023, wakaichanganya na nyingine, wakapanda kumfuata Will Anderson. Huyo ni mmoja wa walinzi wanaoogopwa zaidi katika ligi. Mimi hilo halijanitoka rohoni.

Tangu timu irudi Cleveland mwaka 1999, makwotabeki zaidi ya 40 wameianzia mechi. Kila mmoja alipokelewa kama mkombozi. Mwaka jana Berry aliokota wawili kwa bei ya chini, Dillon Gabriel katika raundi ya tatu na Shedeur Sanders katika ya tano. Hilo silipingi. Kujaribu bahati kwa bei hiyo hakuvunji nyumba.

Sasa kocha mpya Todd Monken na Berry wanajiandaa kwa Pittsburgh, nami naomba mambo machache. Nafasi ya 6 iende kwa mtu mnene wa mstari wa mbele, wa kumkinga kwotabeki yeyote atakayekuwepo, maana mstari wetu umechakaa. Mdakaji apatikane kwenye ya 24. Timu nyingine ikipiga simu kuitaka ya 6, ipokeeni, sikilizeni bei yake. Ila wewe msikilizaji, ukisikia Berry ameiweka mezani nafasi yetu ya 2027 ili kumfuata kwotabeki, usinitafute wiki hiyo.