Kabla ya Kujaza Fomu ya Chama cha Wauguzi



Swali linaloulizwa sana wodini kuhusu TANNA, chama chetu cha kitaaluma cha wauguzi, ni hili: "TANNA imenifanyia nini?" Ni swali halali, na anayetoa ada ana haki ya kuliuliza. Ila mara nyingi anayeuliza anadai posho ya zamu za usiku, kupandishwa daraja, au leseni iliyochelewa. Hayo yana wenyewe.

Leseni ni kazi ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hapo hakuna hiari: bila usajili na leseni hai huruhusiwi kumhudumia mgonjwa. Baraza lipo kwa ajili ya kumlinda mgonjwa huyo. Likikuita ujibu tuhuma, usitarajie likutetee. Mshahara na posho ni vya chama cha wafanyakazi, ambacho kwa wengi wetu serikalini ni TUGHE. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Kwa hiyo makato yanayokukera huenda hayaihusu TANNA hata kidogo. Isome hati yako ya mshahara kwanza.

Kinachobaki ndicho cha chama cha kitaaluma, nacho ni kizito. Muuguzi anaachiwa wodi nzima usiku peke yake. Chama cha wafanyakazi kitauliza analipwaje. Baraza litauliza kama alifuata maadili. Nani atauliza kama kazi iliyopangwa hivyo inaweza kufanywa na mtu mmoja bila mgonjwa kudhurika? Wa kulijibu ni wanaoijua kazi yenyewe. Muuguzi akilipeleka peke yake kwa mganga mfawidhi, litaandikwa kuwa ni lalamiko lake. Chama kikilipeleka wizarani, likiwa na taarifa kutoka wodi nyingi, ni vigumu kulipuuza. Wenzetu wa Kenya nao wametenganisha kazi hizi: NNAK ni ya taaluma, na KNUN, chama cha wafanyakazi, ndiyo iliyoongoza mgomo wa mwaka 2017 uliochukua takriban miezi mitano.

Rai yangu ni kwamba mjiunge. Mkunga naye anaweza kuangalia Chama cha Wakunga, TAMA. Lakini msijiunge kwa kuburuzwa. Chama huonekana tawini. Ombeni kuona muhtasari wa mkutano uliopita na hesabu za ada, na muulize ni hoja gani tawi limeipeleka kwa uongozi wa hospitali, na ikajibiwaje. Tawi linalochangamka Mei 12 tu, kwa kuchangisha fulana za Siku ya Wauguzi, linahitaji wanachama wakali zaidi, na hao mnaweza kuwa ninyi.

Nawafikiria hasa mnaopangiwa zahanati za vijijini. Huko hakuna mwenzio wa kumuuliza, na mafunzo endelevu yako mbali. Ulizeni kama mafunzo ya tawi la wilaya hupangwa siku ambayo muuguzi aliye peke yake kituoni anaweza kufika. Kama sivyo, iwe ajenda yenu ya kwanza.